Ndara za Wadii

Amshiri 17 kwa kalenda ya kanisa letu, Jumatatu. Mfungo Mkuu umeanza.

Abuna Bisada, padri wetu, amempa kila mtu zoezi lake la Kwaresima. Wengine wamepewa kusujudu, mke wangu Insafu amepewa kuacha umbea, mimi nimepewa daftari. "Nasifu, una mdomo mwepesi na mkono mwepesi kuliko mdomo," aliniambia nilipomaliza kuungama. "Kila neno la hasira liandike kwanza. Ukilisoma kesho yake ukaona bado lafaa, ndipo ukamwambie mtu." Nikamjibu kwamba daftari moja halitanitosha. Hakucheka.

Basi naandika. Ndugu yangu mdogo, Wadii, tulimzika mwanzoni mwa mwezi huu. Aligombana na Gayidi, mtoto wa Amu Mityasi, mzee jirani yetu wa ng'ambo, juu ya zamu ya maji kwenye mfereji, na Gayidi akampiga jembe la kisogo. Pigo moja tu. Walikuwa marafiki tangu wakiwa watoto, wote wawili wenye wazimu wa kufuga njiwa. Polisi walipokuja mama aliwaambia hatumtuhumu mtu, kijana aliteleza akaangukia jiwe. Kijiji kizima kikasema hivyo hivyo, hata Amu Mityasi mwenyewe huku midomo ikimtetemeka, kwa sababu hapa kwetu kila mtu anajua: familia isiyomshitaki mtu imeamua kuhukumu yenyewe.

Siku ya tatu Abuna alikuja na bakuli la maji na uvumba, aombe ndani ya nyumba na kunyunyiza, roho ya marehemu ipate ruhusa ya kwenda zake. Hufanywa kwa kila maiti. Mama alisimama mlangoni akautandaza mwili wake kuziba nafasi yote.

"Rudi na maji yako, Abuna."

"Mama Nasifu, mtoto amechoka. Muache akapumzike."

"Mwanangu si paka wa kufukuzwa kwa maji. Atatoka akishapewa haki yake."

Haki hiyo natakiwa niilete mimi. Baba amekufa zamani, na mwanamume mwingine ndani ya nyumba hakuna. Tangu siku ile hatupokei rambirambi, hatumpi mgeni kahawa, mama analala sakafuni, na Wadii, kwa maneno ya mama, yumo humu humu.

Amshiri 18.

Upepo kutwa nzima. Dengu bila mafuta.

Amshiri 20, Alhamisi.

Wadii alikuwa na mazoea yake. Akiingia nyumbani alivua ndara zake na kuzigeuza pale pale, vidole vikielekea nje, ili akiitwa achomoke bila kupoteza muda. Mama alikuwa akimtania, "Unaingia kwenu kama mwizi." Siku aliyokufa alikwenda shambani na mabuti ya mpira, kwa hiyo ndara zilibaki mlangoni vile vile, zimeelekea nje. Hakuna aliyezigusa.

Asubuhi ya leo nimezikuta zimeelekea ndani.

Nimemuuliza Insafu kama amefagia pale. "Baba Verina, mimi kizingiti kile nakiruka," alisema. "Hata Verina nimemkataza." Nikazigeuza nje kama alivyokuwa akiziacha mwenyewe, nikaenda kazini. 

Amshiri 21.

Zimegeuka tena ndani. Nimezirudisha nje.

Amshiri 23, Jumapili.

Mimi ndiye mwokaji wa mkate wa misa. Nyuma ya kanisa kuna chumba cha tanuri tunachokiita Bethlehemu, na humo huingia peke yangu alfajiri, sijala wala kunywa, nakanda unga huku nikisoma zaburi. Neno lisilo la sala haliruhusiwi mle. Nimefanya kazi hii tangu kabla sijaoa, na ndiyo saa pekee ya juma ambayo nanyamaza kwa hiari yangu.

Leo, nikiwa katikati ya zaburi, mtu alikohoa nyuma yangu. Kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyevuta vumbi la nafaka. Nakijua kikohozi hicho. Sikugeuka. Niliendelea kusoma, lakini nilirukaruka mistari, na mikono ikawa inaupiga unga badala ya kuukanda.

Mikate ilitoka tanurini na nyufa.

Amshiri 30, Jumapili ya Majaribu.

Nyufa tena, mbaya kuliko za juma lililopita. Abuna alisimama mlangoni pa madhabahu na kapu mbele yake achague mkate ulio mzima, ule utakaokuwa Mwanakondoo. Akaugeuza mmoja, akauweka. Akaugeuza mwingine. Watu wote wanatazama, nami nasimama pale kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu ubaoni. Mwishowe akachagua mmoja ambao ufa wake ulikuwa pembeni, akaufunika kwa kidole gumba.

Baada ya misa aliniita. "Unga wa juma hili una nini?"

"Unga ni ule ule, Abuna."

"Na tanuri?"

"Tanuri ni lile lile."

Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa na jibu kali, nimelileta hapa: kama anataka mkate mzima, amtafute mwokaji ambaye ndugu yake yuko hai. Nimelisoma tena. Nadhani kesho halitafaa.

Baramhati 2, Jumanne.

Mama amenitupia shela lake jeusi mapajani wakati tunakula. "Jifunge hili, nami nipe kanzu yako. Labda mimi nitaweza."

Insafu akajifanya anatafuta chumvi. Bakuli la Wadii liko pale pale mbele ya nafasi yake, maharage yanapoa ndani yake kila jioni, na hakuna anayeruhusiwa kuyala baadaye.

Nikamwambia mama ni Kwaresima. Akasema damu ya Habili ilimlilia Mungu kutoka ardhini, na Mungu hakuiambia ingoje Pasaka. Mama hajui kusoma, Maandiko ameyapata kwa masikio, na huyakumbuka kuliko mimi. Lakini hukumbuka anayoyataka. Nikafungua Biblia nikamsomea yaliyofuata: kwamba Mungu huyo huyo alimtia Kaini alama, ili yeyote atakayemkuta asimuue.

Aliutazama ukurasa. "Hayo hukuwahi kunisomea."

"Yamekuwepo siku zote, mama."

"Basi Mungu hakuwa mama yake Habili," alisema, akaondoka na bakuli la Wadii.

Baramhati 7, Jumapili ya Mwana Mpotevu.

Nina mengi leo.

Kila mwaka Jumapili hii huwa naifurahia, kwa kuwa najua mahali pangu katika habari ile. Mimi nilikuwa yule kijana mdogo aliyekwenda mbali akala na nguruwe, nikarudi. Ujana wangu wote ulikuwa ngumi na ulevi, na aliyenitoa huko ni Abuna Bisada na tanuri lile. Hivyo nikisikia baba anakimbia barabarani kumkumbatia mwanawe, hulia kimya kimya na kujisikia vizuri.

Leo nilisikia habari ya yule mkubwa. Amesimama nje, ngoma inalia ndani, na hataki kuingia. Hasemi hata "ndugu yangu." Anasema "huyu mtoto wako." Nilijiona pale nje. Namwambia Mungu, huyu Gayidi wako. Kilichonikera ni kwamba baba hamchapi yule mkubwa. Anatoka nje kumbembeleza yeye pia, na anamwita mwanangu. Ningependa afokewe. Mtu akikufokea una la kumjibu.

Abuna alihubiri kwa ufupi. Alisema wapatanishi wataitwa wana wa Mungu, na kwamba hilo ni jina la ukoo. Mtoto hajulikani kwa kusema mimi ni mtoto wa fulani, hujulikana kwa kufanana na baba yake, na Baba yetu anawanyeshea mvua wazuri na wabaya. Nilijua ananihubiria mimi. Kanisa zima lilijua, maana shingo zote ziligeuka.

Nilifika nyumbani bado nimejaa maneno yale. Mama alikuwa anatandika mikate juu ya ubao juani iumuke. Nikamwambia, kwa upole kabisa, na naandika hapa kwamba nilikuwa mpole: "Mama, mimi ni mwana wa Mungu. Siwezi kuua."

Hakuinua uso. "Mwana wa Mungu," alisema. "Nani alikubeba? Nani alikunyonyesha ukamng'ata? Kwanza uwe mwanangu, Nasifu, ndipo ukawe wa Mungu. Mungu ana watoto wengi. Mimi nilikuwa na wawili."

Nikapiga teke ubao. Mikate ikamwagika vumbini, yote. Verina akaanza kulia. Mama akainama akaiokota mmoja mmoja, akaipangusa na kuirudisha juani, na mimi nikatoka nikazunguka mashamba mpaka miguu ikauma.

Ndizo faida za mwana wa Mungu siku ya leo.

Baramhati 9.

Jioni, jua likizama, nimesikia mbinja ya Wadii. Miluzi miwili mifupi na mmoja mrefu unaopanda, ndivyo alivyowaita njiwa wake waje kula. Nilikuwa uani. Ndoo ikaniponyoka. Njiwa wake wakaruka kutoka juu ya paa letu, ambako tangu afe hakuna aliyepanda, wakazunguka wakapotea upande wa jua.

Mama naye alisikia. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi, na tabasamu lile limenitia hofu kuliko mbinja.

Baramhati 10.

Mbinja tena. Ndara zilikuwa zimeelekea ndani, nikazigeuza nje, na nilipoziinua zilikuwa na vuguvugu. Au ni mikono yangu.

Baramhati 14, Jumapili.

Nimemrudishia Abuna ufunguo wa Bethlehemu.

Nilikuwa nakanda alfajiri nikafikia kukumbuka lile agizo, kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni na ukumbuke ndugu yako ana neno nawe, iache sadaka pale, uende ukapatane kwanza. Nimeshalisikia mara elfu. Sikuwahi kufikiri kwamba linamhusu hasa yule anayeioka sadaka yenyewe. Kikohozi kikaja nyuma yangu. Nikasema kwa sauti, ndani ya Bethlehemu, "Wadii, unataka nini?" Nikamaliza kuoka kwa sababu watu walihitaji misa, nikaupeleka ufunguo.

"Utapatana na nani?" Abuna aliuliza.

"Sijui. Najua tu siwezi kuoka."

Aliuchukua. Nilitaraji akatae.

Baramhati 21, Jumapili.

Sasa anaoka Amu Labibu, mzee mwema ambaye hajawahi kuchemsha hata yai. Vijana walitoka kanisani wakisema leo tumepewa tofali letu la baraka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikaona haya kwa kuwa nimecheka.

Amu Mityasi amemtuma Abuna kwetu. Gayidi yuko tayari kubeba sanda yake. Maana yake atakuja peku mbele ya watu wote, sanda yake mwenyewe mikononi, atupe, nasi tuchague: tuipokee na damu imekwisha, au tumvike. Mama alimsikiliza Abuna mpaka mwisho.

"Sanda ni kitambaa," alisema. "Mwambie ninacho kingine kabatini."

Baramhati 25.

Khamasini, upepo wa vumbi, imeanza. Vumbi la njano limeingia hata ndani ya chumvi. Mbinja kila jioni.

Baramhati 28, Jumapili ya Kipofu.

Mama ameniita akafunga mlango. Amekonda sana. Mfungo wetu ni mpaka saa tisa, yeye anakaa mpaka jua lizame, kisha anakula tende na mkate mkavu. Akaweka mbele yangu bastola ya marehemu baba, imefungwa ndani ya shela lile lile.

"Jumapili ijayo ni Matawi," alisema. "Baada ya misa Abuna ataomba Maziko ya Wote."

Hufanywa kila mwaka. Juma Kuu lote hakuna mazishi yanayofukiziwa uvumba, kanisa linamlilia Bwana peke yake. Kwa hiyo siku ya Matawi sote tulio hai tunasimama na kuombewa sala ya maiti na kunyunyiziwa maji, ili yeyote atakayekufa kati ya hapo na Pasaka awe ameshaombewa.

"Gayidi utamuacha mpaka Jumatatu," mama alisema. "Abuna atakuwa ameshamzika. Sisi si wanyama, Nasifu. Sitaki afe bila sala."

Nilimtazama kuona kama anadhihaki. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa amelifikiria kwa siku nyingi, kwa huruma yake yote. Akaendelea: "Na wewe pia utakuwa umeombewa. Wakikufanya lolote, hutakuwa na deni na mtu."

"Na nikikataa?"

"Sitafungua Pasaka. Nitaendelea kufunga mpaka nimfuate."

Mama akisema hivyo hufanya hivyo. Na hofu yangu kubwa, ambayo sijamwambia hata Abuna, ni kwamba maneno yake yaliniingia vizuri. Yalikuwa na mpango. Kwa mara ya kwanza tangu Wadii afe, nililala usingizi mzima.

Baramuda 1.

Nimeipangusa bastola kwa mafuta. Insafu aliniona. "Baba Verina," alisema huku akiendelea kukunja nguo, "ukienda, usiniletee kanzu yenye damu nifue. Kaifue kwenye mfereji ule ule." Kisha akaenda chumbani, nikasikia analia ndani ya mto.

Baramuda 3, Ijumaa.

Leo kanisa zima hupakwa mafuta ya wagonjwa, mimi sikwenda. Nilisema tumbo linauma.

Baramuda 5, Jumapili ya Matawi.

Verina alinisokotea msalaba wa makuti, akanipachikia kifuani. Mama alikuja kanisani. Hakuwa amefika tangu mazishi, na wanawake walimpisha kwa hofu. Nilijua amekuja kuhakikisha.

Gayidi alikuja pia. Alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, peke yake, kila mtu amemwachia nafasi ya watu watatu. Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Nilimtaraji mkubwa zaidi. Katika kichwa changu alikuwa amekua akawa kama ukuta, na hapa alikuwa kijana mwembamba aliyenyoa vibaya.

Misa ya Matawi ni ya shangwe, tuliimba, watoto walipigana kwa makuti. Halafu pazia likafungwa, nyimbo zikageuka, sauti ile ya furaha ikashuka mpaka ikawa ya msiba. Abuna akatuombea sote kama maiti. Kwanza nilisikiliza kwa ajili ya Gayidi. Nilikuwa nahesabu kila sala kama vitu vinavyopakiwa kwenye mzigo wa msafiri: hii ameshapata, hii pia. Kisha nikasikia Abuna akisema tulikuwa mavumbi na mavumbini tunarudi, nikatambua kwamba ninayezikwa ni mimi. Mikono yangu ilikuwa ya maiti. Mimi, mwenye kupiga teke mikate, mwenye bastola nyumbani ndani ya shela la mama yangu, nimelala pale na Abuna ananiombea raha.

Na nikajiuliza, maiti anadai nini? Anamdai nani?

Sikupata amani, nisijidanganye. Nilipata hofu. Niliona sote tumelala chini ya udongo, mimi na Gayidi bega kwa bega, na Wadii katikati yetu anakohoa.

Abuna alipita akirusha maji. Matone yakanipiga usoni na shingoni. Alienda mpaka nyuma kabisa, nikageuka kuangalia. Gayidi aliinua uso wake, macho amefumba, kama mtu aliyekuwa na kiu. Mama naye alikuwa anamtazama. Maji yale yale yalikuwa yanamchuruzika mama kidevuni.

Baramuda 6, Jumatatu.

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Adhuhuri vumbi lilikuwa zito, njiani hapakuwa na mtu. Mama alinifunga mshipi wa kanzu kwa mikono yake kama alivyokuwa akinifunga nikienda shule. Nikavuka mfereji.

Gayidi alikuwa amekaa nje ya mlango wao, ameegemea ukuta, miguu peku. Sanda ilikuwa imekunjwa mapajani pake.

"Karibu, Nasifu," alisema. "Nimekungoja tangu asubuhi."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Mama yako ni mtu wa kanisa. Nilijua hataniacha nife bila kuombewa. Ndiyo maana jana nilikuja."

Alikuwa amelifikiria vile vile, upande wa pili wa mfereji, jambo lile lile ambalo mama alilifikiria upande huu.

"Simama," nilisema.

"Twende juu kwa njiwa. Mama yangu amelala, sitaki asikie karibu."

Nikampandisha ngazi mbele yangu, yeye na sanda yake, mkono wangu ndani ya kanzu. Juu ya paa kulikuwa na njiwa wengi. Kati yao niliwaona weupe wenye uzi wa buluu mguuni. Uzi ule nilimnunulia Wadii mimi.

"Hao ni wa ndugu yangu."

"Walikuwa wanakufa njaa," Gayidi alisema. "Kwenu hakuna anayepanda juu. Nikaona nisipowaita watakwisha. Nawalisha jioni, wanarudi kwenu kulala."

"Unawaitaje?"

Akaweka vidole viwili mdomoni. Miluzi miwili mifupi, mmoja mrefu unaopanda. Njiwa wakamshukia mabegani. "Tuliitunga pamoja," alisema. "Tulikuwa wadogo kama Verina."

Kumbe ni yeye. Jioni zote zile ni yeye. Nilikasirika kuliko nilivyokasirika siku ya mazishi, nilitaka kumuua kwa sababu ameninyang'anya mzimu wangu. Nikaitoa bastola. Yeye akapiga magoti, akainamisha kichwa, akanipa kisogo, pale pale alipompiga Wadii. Kola ya kanzu yake ilikuwa na doa la maji ya jana yaliyokaukia vumbi. Nikajipapasa yangu. Na mimi nilikuwa nalo.

Nikaanza kulia. Sikuwa nimelia tangu ndugu yangu afe, si kaburini, si nyumbani. Nililia kwa sauti mbaya, kamasi zikinitoka, bastola mkononi, na njiwa wakaniogopa wakaruka.

"Nasifu," alisema bila kuinuka, "fanya haraka, mama ataamka."

"Nyamaza. Nipe hiyo sanda."

Hakuelewa. Nikainama nikaichukua mwenyewe kutoka mikononi mwake.

"Sijakusamehe," nilimwambia. "Usije ukatangaza kwamba Nasifu amekusamehe. Nimeipokea, basi. Ukiniona njiani mwaka huu, pita upande mwingine."

"Nitapita," alisema.

Nyumbani mama alikuwa amesimama pale aliponiacha. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akaichukua sanda akaikunjua yote, mkono kwa mkono, akitafuta. Akaigeuza upande wa pili. Akainusa bastola.

"Hii ni safi," alisema.

"Ndiyo, mama."

Alikaa chini polepole. "Nimezaa wawili," alisema, "na sina hata mmoja."

Nilikuwa na jibu. Nimeliandika hapa, nikalikata.

Baramuda 7.

Hasemi. Hali hata zile tende.

Baramuda 8.

Hasemi. Asubuhi ndara zimeelekea ndani. Mbinja sasa najua ni ya nani. Ndara je? Nimezigeuza nje na nimemwomba Wadii anisamehe kama nimemkosea.

Baramuda 10, Ijumaa Kuu.

Amekunywa siki kidogo tuliporudi kutoka kanisani, kama desturi, na maharage yaliyochipua, mawili au matatu. Jioni, Insafu akimfunika, alisema maneno ya kwanza tangu Jumatatu.

"Yule mama. Mwanawe alipotoka kaburini siku ya tatu, alimshika?"

"Nani, mama?"

"Mariamu. Alimshika asiende?"

Nikafikiri. "Hakumshika. Alimuacha aende kwa Baba yake."

Akageukia ukutani.

Baramuda 12, Pasaka.

Kristo amefufuka. Mama amekunywa mchuzi, vijiko vichache, Verina akimlisha na kumwagia kidevuni. Abuna amenirudishia ufunguo. Nilimwambia bado sijapatana, nimepokea tu. Akasema nianze na hicho.

Baramuda 14, Jumanne.

Alfajiri niliamka kwenda kugeuza ndara kabla watu hawajaamka, kama ninavyofanya kila siku. Mlangoni kulikuwa na mtu amechuchumaa. Nilisema, "Wadii?"

Alikuwa mama. Mkononi ameshika ndara moja.

"Ni wewe?" nilimuuliza.

"Ni wewe?" aliniuliza.

Tukatazamana. Akasema taratibu, "Kila siku nazikuta zimeelekea nje. Nikajua anataka kwenda. Nikawa nazirudisha ndani nimzuie."

"Mimi nazikuta zimeelekea ndani. Nikajua anataka kurudi."

Mama alicheka, kicheko kifupi kilichogeuka kilio, na nikakaa naye sakafuni, nikamshika kama mtoto. Kulipokucha vizuri alisema, "Mwite Abuna. Mwambie aje na maji yake."

Abuna alikuja na bakuli. Aliomba chumba kwa chumba, akanyunyiza kitandani kwa Wadii, nafasi yake ya kulia chakula, bakuli lake. Alipofika mlangoni mama alimwambia angoje. Akapiga magoti, akazipangusa vumbi ndara zile kwa upindo wa gauni lake, juu na chini, akaziweka kizingitini, vidole vikielekea nje.

Maji yakazidondokea.

"Vaa, mwanangu," mama alisema. "Kumekucha."